Eronilde de Araújo na Hesabu ya Viunzi Kumi

Mbio za mita 400 kuruka viunzi, yaani zile ambazo mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja huku akivuka vizuizi kumi vilivyopangwa katika njia yake, ni miongoni mwa fani za riadha ambazo kasi peke yake haimfikishi mtu mbali. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, cha kwanza huwa mita 45 kutoka mstari wa kuanzia, vinavyofuata huachana kwa mita 35, na baada ya cha kumi hubaki mita 40 za kumalizia. Vipimo hivyo havibadiliki, bali miguu ndiyo hubadilika, kwa kuwa hatua iliyokuwa ndefu na nyepesi mwanzoni hufupika misuli inapochoka, na aliyekuwa akipiga hatua 13 baina ya kiunzi na kiunzi hulazimika kuongeza ya 14, inayomtaka avuke kwa kutanguliza mguu mwingine, au kufikia 15, zinazomrudishia mguu aliouzoea lakini zikamla muda. Kwenye kona mambo huzidi ugumu: anayetanguliza mguu wa kushoto huweza kukimbia karibu na mstari wa ndani, ilhali anayetanguliza wa kulia hana budi kujitenga nao kidogo, ili mguu wa kushoto unaofuata nyuma usipite kando ya kiunzi, kosa ambalo humwondoa mtu mashindanoni.

Hesabu hiyo yote, ambayo hufanywa kwa chini ya sekunde 50 na bila nafasi ya kusahihisha, Mbrazili Eronilde de Araújo aliimudu kwa miaka mingi. Alitwaa dhahabu ya Michezo ya Pan-Amerika, inayokutanisha mataifa ya Amerika Kaskazini na Kusini kila baada ya miaka minne, mara tatu mfululizo: Havana mwaka 1991, Mar del Plata mwaka 1995 na Winnipeg mwaka 1999. Ushindi mmoja waweza kuwa bahati ya siku, lakini mtu aliyeanza kushinda akiwa na miaka 20, akashinda tena akiwa na miaka 28, lazima awe amejifunza kupanga hatua zake upya kadiri mwili ulivyokuwa ukibadilika.

Medali ya Olimpiki hakuipata, na wapo watakaompunguzia sifa kwa hilo, japo bila haki. Katika fainali ya Atlanta mwaka 1996, ambamo Mbrazili mwenzake Everson Teixeira naye alikimbia, alimaliza wa nane. Miaka minne baadaye mjini Sydney, akiwa katika umri ambao wakimbiaji wengi wa fani hii huwa wameanza kurudi nyuma, alipanda hadi nafasi ya tano. Muda wake bora, sekunde 48.04 za mwaka 1995, ulimwacha nje kidogo tu ya kundi la walioshuka chini ya sekunde 48, kundi ambalo (wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya kulikumbuka) lilifunguliwa na Mganda John Akii-Bua kwa sekunde 47.82 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Hata hivyo, muda huo wa De Araújo ulibaki rekodi ya Brazili hadi mwaka 2021, ulipovunjwa na Alison dos Santos, aliyetwaa medali ya shaba ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka huohuo.