Kidole Gumba Kisicho na Ukucha

Mtu wa kwanza kunitazama hakusema kitu. Skrini ilinijulisha kwa mstari mmoja kwamba nimetazamwa, kisha yule mtu akatoka chumbani akaelekea bandarini. Nilikuwa nimeketi katika intaneti kafe moja ya Tanga, nikilipia nusu saa nusu saa, ndani ya mchezo usio na picha hata moja. Mji, bahari, mvua, watu, vyote ni maandishi. Nilijitazama ili nione alichokiona mwenzangu. Zilikuwapo sentensi mbili nilizoziandika mbiombio ili niwahi kuanza kucheza, zikisema kwamba mimi ni mwanamke mzuri na kwamba macho yangu yameona mengi. Nikaelewa kwa nini ameondoka. Sikumpa chochote cha kukamata.

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa tangu siku hiyo, na kazi ya kuandika maelezo ya mhusika bado naipenda kuliko uandishi mwingine wowote nilioujaribu.

Michezo hii ina umri. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Watu walioketi kwenye mashine mbalimbali wakaweza kukutana katika chumba kimoja kilichojengwa kwa maneno. Mwaka 1989 James Aspnes wa Carnegie Mellon, Marekani, akaandika TinyMUD, akaachana na vita na kuhesabu alama, akawaachia wachezaji wajenge mahali pao na wazungumze. Mwaka uliofuata ukoo huo ukazaa MUSH, na mchezo nilioingia mimi ulikuwa wa aina hiyo. Uzito wake mtandaoni ni wa maneno tu, kwa hiyo hata laini ya simu ya kafe yetu, iliyokuwa ikishindwa kufungua picha moja ya gazeti, iliumudu bila taabu.

Humo ndani kila kitu kina maelezo yake: mlango, kikombe, mbwa, mtu. Ukiandika amri ya kutazama, seva inakuletea maandishi aliyoyaweka mwenye kitu. Kwetu mtu akikukodolea macho utamuuliza ana nini. Kule ni kinyume: anayeingia chumbani asimtazame yeyote ni kama aliyekaa barazani bila kutoa salamu. Kwa hiyo maelezo yako ndiyo yanayompokea mgeni kabla hujafungua mdomo. Yatasomwa mamia ya mara, na watu walio katikati ya mazungumzo, nawe hutakuwa karibu nao kuyafafanua.

Nilifundwa kazi hii na mchezaji mmoja mzoefu ambaye hadi leo sijui jina lake wala nchi yake. Mle ndani alikuwa baharia mzee. Nami kwa wakati huo nilikuwa nimeyarefusha maelezo yangu, nimetia tabasamu jepesi midomoni na upepo unaochezea nywele. Siku moja akaniita pembeni akaniuliza, kwa upole kabisa, "Jana tulikuwa wapi?" Nikamjibu tulikuwa mazikoni, nahodha wetu alikuwa amezama, na mji mzima ulikuja kumzika. Akasema, "Nilikutazama pale kaburini. Ulikuwa unatabasamu."

Sijalisahau somo lile. Maelezo hayajui saa. Unayaweka leo, na yatatokea vilevile ukiwa umelala, ukiwa vitani, ukiwa umefiwa, ukiwa ndani ya pango lisilo na upepo. Kitendo hakina nafasi humo, wala hali ya uso inayopita. Vitendo vina mahali pake, katika mistari unayoiandika papo kwa papo unapocheza. Katika maelezo kinakaa kile tu ambacho kingekuwa kweli hata kama mtu huyu angekuwa amezimia.

Baada ya hapo akanionyesha kosa kubwa zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba kila anitazamaye moyo humdunda. "Moyo wa nani huo?" akauliza. Yeye alikuwa akicheza mzee aliyechoka, asiyedundwa moyo na mwanamke yeyote tangu mkewe afariki, nami kwa sentensi moja nilikuwa nimeingia kifuani mwake nikampangia mapigo. Michezo mingi inakataza jambo hili kwa kanuni, lakini mimi naliona ni suala la adabu kwanza. Mpe mtu cha kutazama; atakachohisi ni chake. Ukitaka wakuogope, andika mikono itakayowafanya wenyewe wahesabu hatua zilizobaki hadi mlangoni.

Na yale macho yaliyoona mengi? Hayaonekani. Hakuna mtu aliyewahi kutazama jicho akaona orodha ya yaliyolipita. Vita havionekani, kovu linaonekana. Utajiri wa ukoo hauonekani, ila pete iliyobana kidole kwa sababu ilivaliwa tangu ujana inaonekana. Historia ya mhusika wako ni hazina, na wenzako wana haki ya kuichimba wenyewe kwa kukaa nawe, kukuuliza, kukukosea na kukusamehe. Ukiimwaga yote kwenye maelezo, umewanyima sababu ya kukusogelea.

Pavel Curtis, aliyeanzisha mchezo wa maandishi wa LambdaMOO mwaka 1990 akiwa mtafiti wa Xerox PARC kule California, aliandika miaka miwili baadaye kuhusu namna wachezaji wanavyojieleza. Alibaini kwamba wengi mno wanajichora kuwa watu wa fumbo wenye nguvu zisizo na shaka. Nawaelewa. Mtu akipewa nafasi ya kuwa yeyote, huukimbilia ukubwa. Lakini chumba chenye majabari kumi waliofunikwa na vivuli ni chumba ambamo hakuna anayeonekana. Nakumbuka vizuri zaidi mpishi mmoja wa mchezo wetu ambaye nyusi zake zilikuwa zimeungua upande mmoja tu.

Siku ya tatu baada ya mazungumzo yale na baharia nilikwenda kafe na daftari, kwa kuwa muda wa kompyuta ulikuwa wa kulipia na wa daftari ni bure. Mhusika wangu alikuwa mshona matanga. Nilimwandika upya kwa kufuata jicho linavyosogea: kwanza kinachoonekana kutoka mlangoni, kisha kinachoonekana mkiwa meza moja, mwisho kile ambacho ni lazima mkono uunyooshe ndipo mwenzako akione. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, lakini daftarini nilianza kwa Kiswahili, hivi:

"Mwanamke wa makamo, mfupi, mpana wa mabega. Nywele amesuka twende kilioni, mistari minene, ncha zimepauka kwa jua. Uso ni mweusi tii isipokuwa chini ya kidevu, palipo na alama nyembamba ya kamba. Viganja vimekomaa vikawa vigumu, vinang'aa kama ngozi ya kiatu cha zamani. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha."

Sentensi ile ya mwisho niliiongeza nikiwa nimebakiwa na dakika nne, nikakaribia kuifuta. Namshukuru Mungu sikuifuta. Ndani ya mwezi mmoja watu wawili waliniuliza kuhusu kidole. Wa kwanza nilimwambia ni sindano ya matanga. Wa pili alikuwa akicheza mtoto, nikamwambia kililiwa na samaki, akaogopa maji kwa majuma kadhaa ya mchezo na jambo hilo likazaa kisa kizima. Wa tatu hakuuliza. Aliacha tu kunipa vitu mkono wa kulia. Kila mara akaandika kwamba anakiweka kikombe upande wangu wa kushoto. Hicho ndicho ninachokiita kishikizo: kitu kidogo, cha kuonekana, kisichoelezwa, ambacho mwenzako anaweza kuning'iniza hadithi yake juu yake.

Kutafsiri kutoka daftarini kulinifunza jambo kuhusu lugha yetu. Kwa Kiingereza huwezi kwenda sentensi mbili bila kutangaza kama mtu ni mume au mke, maana kiwakilishi kinakudai. Ndiyo sababu LambdaMOO ilikuwa na amri maalumu ya kuchagua jinsia, ili programu ijue iseme nini kila inapokutaja, na chaguo zake zilizidi mbili kwa mbali. Palikuwa na wingi, palikuwa na ile "sisi" ya kifalme, na palikuwa na viwakilishi vilivyopewa jina la mwanahisabati Michael Spivak. Watu walihangaika na kufanya ubunifu mkubwa ili kupata kile ambacho sisi tunazaliwa nacho. "Amesimama mlangoni, mabega yamelowa." Nani? Mtu. Msomaji anamwona amelowa kabla hajajua lolote jingine, na mwandishi ndiye anayeamua lini aseme zaidi, au asiseme kabisa. Ongeza hapo uwezo wa kulikuza jicho au kulifanya kijicho kwa herufi mbili, na zile tii, pe na jii zinazokoleza rangi na kimya bila kuongeza sentensi. Lugha hii imeumbwa kwa kazi hii, na inaniuma kwamba sijapata kucheza mchezo hata mmoja wa aina hii uliojengwa kwa Kiswahili tangu msingi.

Kuna kuandika, na kuna kuweka. Kuweka kuna ufundi wake, na wengi hukwama hapo. Katika MUSH amri ni @describe, ikifuatiwa na jina lako au neno la kujitaja, alama ya usawa, kisha maandishi yote kwa mkupuo mmoja. Ukibonyeza kitufe cha mstari mpya katikati, seva inadhani umemaliza. Inahifadhi sentensi ya kwanza na kuzichukua zilizobaki kama amri isizozielewa. Mstari mpya unaandikwa kwa alama ya asilimia na herufi r, nafasi ya kuanzia aya kwa asilimia na herufi t. Mabano ya mraba ni hatari, kwa maana programu huyachukulia kuwa hesabu ya kupigwa, hivyo ukitaka yaonekane lazima uyatangulize mkwaju wa kinyume. Ukishaweka, jitazame. Soma kama mgeni. Rekebisha. Jitazame tena.

Na upime urefu. Skrini za zamani zilizoirithisha michezo hii desturi zake, kama ile VT100 ya mwaka 1978, zilikuwa na herufi 80 kwa upana na mistari 24 kwenda chini. Maelezo ya mistari thelathini yanayasukuma mazungumzo yote nje ya macho. Mtu amekutazama kwa heshima, nawe umemfukuzia wenzake. Kipimo changu ni mistari minane, na ya tisa lazima inishawishi sana.

Mapambo nayo niliyaacha mapema. Ilikuwa desturi kuyazungushia maelezo fremu ya nyota na alama za usawa. Lakini michezo ya maandishi ni miongoni mwa michezo michache ya mtandaoni ambayo mtu asiyeona anaweza kuicheza sawa na mwingine yeyote, kwa programu inayomsomea skrini kwa sauti. Kuna mchezaji wa aina hiyo aliyekuwa rafiki yangu wa karibu mle ndani kwa miezi sita kabla sijajua. Aliponieleza, nilifikiria mara ngapi amenitazama, na mara ngapi alilazimika kusikiliza nyota, nyota, nyota, kabla ya kunifikia. Usiku uleule niliing'oa fremu.

Ipo michezo inayobana zaidi. Katika Armageddon, wenye dunia ya jangwa kali, majina ya wengine hayakuonekana. Mtu alijulikana kwa maelezo mafupi ya maneno machache, sifa mbili na nomino. Waswahili hatuoni ajabu. Mtaani kwetu kulikuwa na mama muuza vitumbua mwenye mwanya, na wengi tulimzika bila kulijua jina lake la shuleni. Kuchagua zile sifa mbili ni kazi ya siku nzima, kwa sababu ndizo ambazo watu watakuitia ukiwa hupo.

Mshona matanga wangu nilimcheza kwa miaka. Katika mwaka wa nne niliamua kwamba macho yake yanafifia. Sikumwambia mtu, wala mhusika wangu hakulalamika hata mara moja. Nilifungua maelezo nikaongeza maneno machache tu, baada ya ile alama ya kidevuni: mkunjo mmoja wa kina katikati ya nyusi, wa mtu aliyezoea kukaza macho. Nikaweka, nikajitazama, nikaendelea na kazi. Watu walipita karakanani mwangu wiki nzima. Walinitazama, tulizungumza, wakaenda zao.

Kisha baharia mzee akarudi. Alikuwa hajaingia mchezoni kwa miezi mitatu. Skrini ikanijulisha kwamba amenitazama, halafu kukawa kimya. Dakika moja, mbili, tatu. Nilidhani laini imekatika. Mwishowe mistari yake ikatokea. Aliandika kwamba anavuta kigoda na kuketi karibu nami bila kusema neno, anaichukua sindano kutoka mkononi mwangu, anaitia uzi, kisha anairudisha kwenye kiganja changu cha kushoto.