Mkono Ulioandika Herufi

Anza na kinywa. Katika bango alilolichora mchoraji Jan Lenica mwaka 1964 kwa ajili ya opera ya Alban Berg, "Wozzeck", kinywa kimeachama katikati ya karatasi, na mistari myekundu inakizunguka, inatanuka mithili ya mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Hakuna askari, hakuna kisu, hakuna sura ya mwimbaji. Pana yowe tu, nalo linaonekana kwa macho. Ukilikaribia utabaini kwamba herufi nazo zimetoka kwenye brashi ileile. Huwezi kuzibandua ukasema hili jina na hii picha. Mwaka 1966 bango hilo lilipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya mabango mjini Warsaw.

Wanaokusanya mabango ya zamani ya tamthilia za Poland hasa wanautafuta mkono huo ulioandika herufi. Wengine hujivunia majina ya wachoraji: Tomaszewski, Cieślewicz, Świerzy. Majina ni sawa, lakini mkusanyaji wa kweli huinamia herufi kwanza, aone pale wino ulipojaa na pale brashi ilipokaukia njiani.

Serikali ya kikomunisti ndiyo iliyolipia mabango hayo, na mkaguzi wake alipitia kila bango kabla halijachapwa. Hata hivyo kumbi za maigizo hazikuwa zikigombea wateja, kwa hiyo mchoraji hakulazimika kumpamba nyota wa mchezo. Aliisoma tamthilia, akaitafakari, akachora alichokielewa. Mchoraji mmoja, Franciszek Starowieyski, alifika mahali pa kurudisha tarehe za kazi zake nyuma miaka 300, hata kazi ya 1973 ikasomeka 1673, na bango likapita mitaani likiwa na umri wa baba wa mababu.

Nayo mabango yalikuwa mambo ya mitaani kweli. Yalipakwa gundi, yakabandikwa kwenye nguzo na nyua za mbao, mvua ikayanyea, kisha mengine yakabandikwa juu yake. Yaliyosalia mengi ni yale ambayo hayakuwahi kuonja gundi. Karatasi yake ni hafifu, imepiga umanjano, mikunjo ya zamani bado inasomeka. Ndiyo maana inaniuma kuona nakala mpya zikiuzwa kwa watalii kwenye karatasi ya kung'aa, mikunjo imefutwa, rangi zimekolezwa kupita zilivyokuwa. Anayeinunua hupata sura ya bango, wala hapati kazi ya mchapaji aliyehangaika na wino mbaya hadi ukakubali.

Huko Wilanów, kando ya kasri la mfalme, tangu 1968 lipo jumba la makumbusho la mabango, na humo karatasi zinatunzwa kwa heshima. Lakini makumbusho hayafundishi brashi. Henryk Tomaszewski alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Warsaw tangu 1952 hadi 1985, na vijana walimfuata hata kutoka Ufaransa. Alifariki 2005, Starowieyski akafuata 2009, Świerzy 2013. Wachoraji hodari bado wapo Poland, nami nawaheshimu. Ila siku hizi kumbi nyingi huridhika na picha ya mwigizaji anayetabasamu, chini yake herufi zilizochaguliwa kwenye orodha ya kompyuta, herufi zilezile zinazotangaza mikopo na simu, na mpita njia hana tena sababu ya kusimama.