Werevu wa Abunuwasi na Ukomo Wake

Wanafunzi wengi tunapohakiki hekaya za Abunuwasi huishia kwenye sentensi moja: Abunuwasi ni mhusika mwerevu. Ni kweli, lakini sentensi hiyo haituelezi werevu wake hufanyaje kazi, wala hufika wapi. Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo kwa kutazama hekaya mbili zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni ya maskini na harufu. Maskini anakula chakula chake kikavu huku akinusa mapochopocho yanayopikwa kwa tajiri. Tajiri anamshtaki, akidai alipwe harufu hiyo. Njia ya kawaida ya kumtetea maskini ingekuwa kukana: harufu si mali. Abunuwasi hakani. Anakubali kwamba deni lipo, kisha anachukua fedha, anazitikisa mpaka zilie, na kumwambia tajiri kwamba bei ya harufu ni mlio.

Ya pili ni ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na nyingine ndogo, akisema imezaa. Jirani anapokea zote mbili bila kuuliza. Safari nyingine anaazima tena, harudishi, anasema imekufa. Jirani aliyekubali uzazi hana pa kushika anapokataa kifo.

Mwaka 1967 Edward de Bono alichapisha kitabu kuhusu kufikiri kunakoacha njia iliyonyooka na kupita pembeni. Ni rahisi kumweka Abunuwasi katika mkondo huo, lakini kwa maoni yangu hiyo ni nusu tu ya jambo. Abunuwasi haiachi njia ya mpinzani wake. Anaifuata hadi mwisho, mahali ambapo mwenye njia hakukusudia kufika. Ubunifu wake ni kutafuta pa kukubali wakati wengine wanatafuta pa kukataa.

Kimuundo, hekaya hizi ni mapacha, kimaudhui, sivyo. Katika ya kwanza mnyonge anaokolewa. Katika ya pili, mtu aliyeazimisha chombo chake anakipoteza. Tamaa ilimponza, ndiyo, lakini sufuria imebaki jikoni kwa Abunuwasi. Hadhira hucheka kote kuwili, na kicheko hicho ndicho kinachoficha tofauti. Mhakiki anayesifu werevu bila kuuliza umemnufaisha nani anasifu upanga bila kumtazama aliyeushika.

Kuna ukomo mwingine. Mbinu hii inahitaji baraza, na mwamuzi anayekubali kwamba kanuni moja iwafunge wote wawili. Kama hakimu angekuwa mtu wa tajiri, angesema harufu hulipwa kwa fedha, basi, na mlio usingemwokoa mtu. Hekaya inampa Abunuwasi msikilizaji mwenye haya. Maisha hayatoi ahadi hiyo.

Sisi tuliokulia Burundi na visa vya Samandari tunawapenda wahusika wa aina hii, nami sitaki tuache kuwapenda. Lakini tunapozifundisha hekaya hizi kama mifano ya kutatua matatizo, tuseme pia kwamba maskini yule alihitaji Abunuwasi kwa sababu dai la harufu lilisikilizwa. Werevu ulimwokoa siku moja. Siku zote nyingine angehitaji haki.