Tina Barney na sebule za wenye nacho

Kamera za kutafuta "maisha halisi" hupenda kwenda uswahilini: mabati, madumu ya maji, watoto pekupeku. Sisi huku tunazijua. Tina Barney, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1945 katika ukoo wa kitajiri, aliielekeza yake nyumbani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amewapiga picha ndugu, watoto na marafiki zake wakiwa katika nyumba zao za pwani ya mashariki ya Marekani, kati ya mapazia ya maua na fanicha za kurithi.

Alianza na kamera ndogo ya mkononi. Kazi ilikolea alipohamia kamera kubwa, inayotumia filamu moja moja za inchi 4 kwa 5. Kamera hiyo haimvizii mtu. Husimamishwa kwenye stendi, na mpigaji hujifunika kitambaa cheusi ili kutazama kwenye kioo cha nyuma, ambako sebule nzima huonekana kichwa chini miguu juu. Akisharidhika, huifunga lenzi na kuchomeka filamu, na kuanzia hapo kioo hakimwonyeshi tena kitu. Lazima amtazame mtu mwenyewe, akisubiri bega ligeuke au jicho lichoke. Akikosea, filamu hiyo imekwenda.

Kwa hiyo aliowapiga walijua wanapigwa. Aliwapanga, akaongeza taa, pengine akamwomba mtu arudie alichofanya dakika moja iliyopita. Wapo wanaoona kwamba hapo ukweli umekwisha. Mimi naona ndipo unapoanza, kwa sababu watu wa tabaka hilo hufunzwa tangu utotoni namna ya kukaa wakitazamwa. Ukiwapanga, mafunzo hayo hujitokeza yenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1997 alikiita Theater of Manners, na jina hilo halifichi kitu.

Itazame Sunday New York Times ya mwaka 1982. Familia imeizunguka meza, magazeti yametapakaa, wote wako karibu karibu, na bado kila mmoja yuko kwake. Au Jill and Polly in the Bathroom ya mwaka 1987: dada yake Barney na bintiye, wamevaa kanzu za kuogea katika bafu lililotawaliwa na rangi ya waridi. Hapo ukwasi haukosekani. Kinachokosekana ni mkono wa mmoja juu ya bega la mwenzake. Barney husafisha picha zake kwa ukubwa wa kama futi 4 kwa 5, na ukubwa huo ndio unaokuwezesha kuipima nafasi iliyobaki kati ya mtu na mtu.

Baadaye alikwenda Ulaya, akatoa The Europeans mwaka 2005. Ni kazi safi, ila pale ni mgeni, na ugeni wake unaonekana.

Amelaumiwa kwamba hawahukumu watu wake. Ni kweli, hawahukumu. Anaonyesha upendeleo unavyorithishwa kwa mkao, kwa nguo, kwa uhakika wa mtoto kwamba chumba ni chake. Nani mwingine angepewa nafasi ya kusimamisha stendi ndani ya bafu lile? Ukikipata Theater of Manners, usikifungue kwa haraka, na usianze na nyuso. Anza na mikono.