Habari Mbaya na Ifike Mapema

Meneja wa mradi hana kitu cha kumwonyesha mgeni. Daraja likikamilika, sifa humwendea mhandisi. Mfumo mpya wa malipo ukianza kufanya kazi, wanaopongezwa ni walioandika programu. Tawi jipya la kampuni likifunguliwa, mkurugenzi ndiye anayekata utepe na kupigwa picha. Meneja anabaki na ratiba iliyorekebishwa mara nyingi, faili la kumbukumbu za vikao, na wenzake waliochoshwa na maswali yake. Si ajabu kwamba ofisi nyingi humwona karani mwenye cheo kirefu.

Mimi namwona fundi, na ufundi wake ni mgumu kuliko wa wengi wanaopigiwa makofi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba habari mbaya inafika mapema, ingali ndogo, kwa mtu mwenye uwezo wa kuishughulikia. Bajeti, ratiba, vikao na ripoti ni zana za kazi hiyo moja.

Habari mbaya haipendi kusafiri. Msambazaji akichelewesha mzigo kwa wiki moja, afisa ununuzi hasemi; anatumaini kwamba wiki hiyo itafidiwa. Msimamizi wake akihisi jambo, anaandika kwamba mchakato unaendelea. Mkuu wa idara anayasoma maneno hayo na kumwambia mkurugenzi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja ameisafisha habari kidogo tu, na ilipofika juu ilikuwa imegeuka habari njema. Kisha, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya uzinduzi, yote yanafumuka kwa pamoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mradi nao una maradhi yake: mzigo umekwama bandarini, mtaalamu ameacha kazi, mteja amebadili mawazo. Hakuna mradi usiougua. Miradi hutofautiana kwa siku ambayo ugonjwa ulitajwa.

Wengi wetu tuliuona ufundi huu kwa mara ya kwanza kwenye kamati ya harusi, bila kujua kwamba una jina. Siku ya harusi haisogezwi. Ukumbi umeshalipiwa na kadi zimeshagawiwa. Ndugu na marafiki wametoa ahadi, na ahadi zikijumlishwa zinatosha hata kuleta bendi. Mwenyekiti asiyeijua kazi hupanga kwa ahadi. Anayeijua humwomba mweka hazina asome taslimu iliyopo, kisha kila kikao huuliza kwa upole, mbele ya watu wote, nani amepunguza deni lake. Chakula, mapambo, gari la maharusi na mpiga picha vinapangwa kwa umuhimu, ili fedha zikipungua ijulikane mapema kitakachoachwa. Hakusoma popote. Amejua tu kwamba ahadi na fedha ni vitu viwili, na kwamba ni heri kuujua upungufu mwezi mmoja kabla kuliko kuujua wageni wakiwa mezani.

Viwanda ndivyo vilivyoupa ufundi huu zana. Mwaka 1896, mhandisi wa Poland Karol Adamiecki alibuni mchoro wa kuonyesha jinsi kazi za kiwandani zinavyotegemeana. Katika miaka ya 1910, Mmarekani Henry Gantt alieneza chati ya mistari ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand wakaleta swali kali zaidi: katika kazi zote hizi, zipi zikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja? Nyingine zina nafasi ya kupumua, hizo hazina. Ofisi nyingi hutundika chati ukutani ikakaa kama kalenda ya mwaka jana. Mwenye ufundi huishika mkononi, akaenda nayo kwa mwenye kazi isiyo na nafasi, akamuuliza amefika wapi.

Mfano mkubwa wa swali hilo tunao nyumbani. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Anayetazama ramani atashangazwa na urefu. Waliopanga ujenzi walikuwa na sababu ya kutazama kipande kimoja kisichofika hata kilomita 200, kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja marefu, kwenye udongo unaoteleza na mvua nyingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, takriban kilomita 500, mataruma yalitandikwa kwa kasi. Kasi hiyo ingekuwa bure kama milima isingeandaliwa watu, mitambo na muda wa kutosha. Tarehe ya kumaliza iliamuliwa mlimani.

Timu nyingi za biashara hufanya kinyume. Huanza na tambarare: nembo mpya, fulana, ukurasa wa mtandaoni. Ripoti inajaa alama za vema, na kila mtu anafurahi. Mlima, yaani kibali cha mamlaka au mkataba na benki, unaachwa hadi mwisho, na wakati huo hakuna tena muda wa kuupanda. Swali la kwanza la meneja mzuri, kabla hata chai haijamiminwa, ni hili: mlima wetu uko wapi?

Upo pia ukweli ambao hauonekani kwenye chati yoyote, kwa sababu umekaa kichwani mwa mtu ambaye hajaulizwa. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kisa cha timu yake nchini Israeli iliyokuwa ikiandaa mtaala na kitabu kwa ajili ya shule za sekondari. Kazi ilipokuwa imekwenda vizuri kwa muda, aliwaomba wenzake waandike, kila mmoja peke yake, muda uliobaki hadi kumaliza. Majibu yote yalizunguka miaka 2. Ndipo akamgeukia Seymour Fox, mtaalamu wa mitaala aliyekuwa miongoni mwao, akamuuliza timu nyingine za aina hiyo alizozijua zilitumia muda gani. Fox alitafakari, kisha akasema kwamba asilimia 40 hivi hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza zilitumia miaka 7 hadi 10. Fox huyohuyo, muda mfupi kabla, alikuwa ameandika makadirio kama ya wenzake. Timu ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichosemwa. Kitabu kilikamilika baada ya miaka 8.

Maarifa yalikuwemo chumbani tangu siku ya kwanza, na hata aliyekuwa nayo hakuyatumia hadi alipoulizwa. Na yalipotajwa, hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuzuia yasisahaulike. Nafasi hizo mbili, ya kuuliza na ya kukumbusha, ndizo za meneja wa mradi.

Kuuliza kwenyewe kunataka akili. Kwetu anayetaja balaa kabla haijatokea huambiwa asituchurie. Kijana wa mapokezi anaweza kuwa anajua kwamba wateja hawauelewi mfumo mpya, lakini nani atake kuitwa mwenye mkosi mbele ya wakubwa? Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2007 kuhusu njia ya kuizunguka aibu hiyo. Kabla mradi haujaanza, waambie watu wajifanye kwamba mwaka umepita na mradi umekufa kabisa. Kila mmoja aandike umekufa kwa nini. Hapo anayetaja hatari hachurii tena. Anajibu swali alilopewa, na mwenye sababu nzuri zaidi ndiye anayeonekana mjanja.

Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro anaweza kuvuta kamba. Kiongozi wa timu hufika, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mkondo wa kazi husimama. Wengi wameisifu kamba hiyo. Kamba ni rahisi kununua. Kigumu ni uso wa kiongozi anapofika. Akifika amekunja ndita, kesho hakuna atakayeivuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huu iko katika sekunde chache baada ya mtu kusema, "Bosi, tuna tatizo." Meneja anayejibu "Asante kwa kuniambia, tunahitaji nini?" amenunua habari za mwaka mzima kwa sentensi moja.

Kikao nacho kina sehemu yake ya siri, na wengi huipita mbio. Ni yatokanayo. Pale ndipo kila mmoja hukutana na ahadi aliyoitoa mara iliyopita, ikiwa na jina lake na tarehe. Katika ofisi zilizolegea, yatokanayo husomwa kama sala, na jambo lilelile hurudi kikao baada ya kikao likiwa "linashughulikiwa". Meneja stadi hulikataa neno hilo. Anauliza nani, lini, na nini kinamkwamisha, kisha anaandika jibu kwa maneno ambayo hayawezi kupindishwa mwezi ujao.

Ukweli ukichelewa, tiba nazo huharibika. Mradi ukichelewa, wakubwa hupenda kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa programu kubwa ya kompyuta katika kampuni ya IBM, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na walimu ni walewale waliolemewa. Tena, watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Msaada ambao ungefaa mwezi wa pili unakuwa mzigo mwezi wa kumi.

Mtu anaupataje ufundi huu? Vyeti vipo na vina heshima yake. Taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani, PMI, iliundwa mwaka 1969, na cheti chake cha PMP kinatolewa tangu mwaka 1984. Cheti humpa mtu istilahi na utaratibu. Hakimpi sikio la kutambua "hakuna shida" yenye shida ndani yake. Sikio hilo hufunzwa kazini, kando ya aliye nalo. TAZARA inatufundisha na hili pia: mwaka 1972, reli ikiwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Waliopanga walijua kwamba reli bila watu ni chuma tu. Hata hivyo, miaka michache baada ya makabidhiano, upungufu wa injini na wa ujuzi uliielemea reli. Ujuzi hujengwa polepole kuliko reli.

Hivyo kampuni inayopeleka watu wake kwenye semina ya siku mbili hotelini, wakarudi na mkoba na cheti, imefanya sehemu ndogo. Kijana apewe kipande cha mradi chenye tarehe yake na bajeti yake. Aandike kumbukumbu za vikao, maana anayeandika hulazimika kuelewa. Akae karibu meneja anapompigia msambazaji simu ngumu. Na kila hatua ikikamilika, timu iketi wakati mambo bado ni mabichi, ijiulize ilitarajia nini, kilitokea nini, na kwa nini.

Anayetaka kuipima timu asianze na ripoti zake. Achukue tatizo moja lililokwisha, kisha aulize tarehe mbili: siku ambayo mtu wa kwanza alilijua, na siku ambayo mwenye uamuzi aliambiwa. Kati ya tarehe hizo ikipita miezi, hakuna programu ya kompyuta wala mshauri wa kulipwa atakayeiponya timu hiyo kabla watu wake hawajaacha kuogopana. Zikiwa ni siku mbili tatu, basi kuna fundi mahali pale, pengine hata cheo cha umeneja hana. Atafutwe, na apewe vijana wa kuwafundisha.