Heko, KNUT

Wapo wanaodhani kazi ya chama cha walimu ni kugoma tu. Wakenya wana sababu ya kuujua ukweli zaidi. KNUT, chama cha walimu wa Kenya kilichoanzishwa mwaka 1957, ndicho kilichopigania walimu wote wawe na mwajiri mmoja badala ya kuhangaishwa na mashirika ya dini na halmashauri za wilaya. Hivyo TSC, tume ya kuwaajiri walimu, ikazaliwa mwaka 1967.

Kisha ukaja Oktoba 1997, uchaguzi ukinukia. Walimu waliweka chaki chini, naye Ambrose Adongo, katibu mkuu wao, hakutikisika. Serikali ya Rais Moi ikakubali nyongeza ya mshahara ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu. Mwaka uliofuata ikayageuka maneno yake, walimu wakarudi barabarani. Ilibidi ung'ang'anizi wa miaka ndipo deni lile lilipwe.

Mimi huvutiwa zaidi na kazi isiyopigiwa picha: afisa wa tawi anayemsindikiza mwalimu mstaafu kufuatilia faili lake la pensheni, au anayehoji mgao wa fedha za shule unapochelewa, mwalimu mkuu akikopa mahindi na maharage ya wanafunzi dukani.

Ndiyo, migomo huwaumiza watoto, na viongozi wengine wa chama wamependa siasa kupita kiasi. Hata hivyo, mshahara wa mwalimu wa Kenya usingefika ulipo bila chama hiki. Mzazi, wakigoma tena, soma madai yao kwanza kabla ya kuwalaumu.