Sauti ya Mzazi Nyuma ya Picha: Suala la Uelekezi katika Filamu za Wanafunzi wa Mombasa Bara

Mwanafunzi wa filamu asiye na fedha za kumlipa mwigizaji huanzia nyumbani kwao. Martin Scorsese, alipokuwa Chuo Kikuu cha New York, alimpa mamake, Catherine, nafasi ya mama katika filamu fupi ya It's Not Just You, Murray! (1964). Baadaye, katika The King of Comedy, bibi huyo haonekani kabisa. Husikika tu, akimkemea mwanawe kutoka chumba kingine. Nguvu ya sauti ile haitokani na ustadi wa kusoma. Inatokana na kwamba mama anakemea kweli.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanapopotea. Humtaka mama au nyanya awe msimulizi, kisha wakampa karatasi asome. Fanani aliyezoea kusimulia mbele ya watu hugeuzwa msomaji, na usimulizi ukafa papo hapo.

Yapo pia matatizo ya adabu. Kazi ya mwelekezi ni kuamuru, ilhali mtoto wa pwani hamwamuru mamake. Hawezi kumwambia "soma", seuze "rudia". Atasema, "Hebu nisomee, mama," na kauli hiyo ya kutendea imekwisha kuibadili kazi nzima: mama hasemi tena na hadhira asiyoijua, anasema na mwanawe. Wapo wanaoona unyenyekevu huu kuwa kikwazo cha uelekezi. Kwa hakika ndio uelekezi wenyewe. Mama akiketishwa na mjukuu, ungo mapajani, akaulizwa jambo analolijua, atasimulia. Na sauti ya ungo ikiingia katika kinasasauti, na iingie.

Zito zaidi ni suala la lugha. Karatasi ya mwanafunzi huandikwa kwa Kiswahili sanifu cha shuleni. Ikumbukwe kwamba ni katika mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa penyewe, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita kikashindwa mjini mwake. Leo, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, feni imezimwa na jasho linatiririka, kijana anamsahihisha mamake: "ndoo" iwe "njoo", "mato" yawe "macho". Hukumu ya 1928 inasomwa upya, na safari hii hakimu ni mtoto wa nyumbani. Tena karatasi yenyewe ni pungufu. Kaa la moto na kaa wa pwani huandikwa sawasawa, lakini kinywani mwa mzee wa Mvita hutengwa kwa pumzi, na pumzi hiyo tahajia sanifu haina alama yake.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: kumhimiza mama akoleze lafudhi ili hadhira ya Nairobi ifurahi. Isitoshe, si kila mama wa bara ni wa Kimvita. Likoni wako ambao Kiswahili chao kimekaa juu ya Chidigo, na upande wa Changamwe kuna Chijomvu. Mwelekezi amsikilize aliye mbele yake.

Uzito wa haya yote huonekana filamu inapogusa maji. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Mama wa Likoni aliyefiwa siku ile akikubali kusimulia, usimulizi wake wa kwanza ni ushahidi. Wa pili, unaotakiwa kwa sababu honi ya feri imeingilia kati, tayari ni maigizo, na wa tatu ni ukatili. Kigugumizi, kimya na honi hiyo vibaki katika filamu. Afadhali kanda yenye dosari kuliko kumrudisha mtu majini kwa ajili ya usafi wa sauti.

Na akikataa je? Chantal Akerman, katika News from Home, aliyasoma mwenyewe maneno ya barua za mamake juu ya picha za New York, na kelele za mji zikayafunika mara kwa mara. Mtoto wa Likoni aweza kufanya vivyo hivyo, mama akiridhia maneno yake yasomwe. Asiporidhia, kivuko kipite katika picha bila msimulizi.